Saa nane mchana, kwa saa ya panya

Kuna jaribio la zamani lililonikaa kichwani leo kutwa. Mwaka 1950 John Everett na Charles Sawyer walieleza walichokiona kwa panya majike. Mzunguko wa panya jike huchukua siku 4 au 5, na yai hutoka usiku wa kuamkia siku ya joto, yaani siku anapokuwa tayari kwa dume. Wao walimchoma panya dawa ya usingizi saa nane mchana wa siku iliyotangulia. Yai halikutoka. Wakichelewa mpaka baada ya saa kumi, dawa haikuzuia kitu. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba yule aliyezuiwa hakutoa yai alipozinduka. Alingoja saa 24 kamili. Ukimchoma tena kesho yake saa ileile, anaahirisha tena!

Yaani ovari kuwa tayari hakutoshi. Ubongo nao una saa yake, na dirisha likifungwa, limefungwa mpaka kesho.

Siku hizi tunajua mengi kuhusu njia yenyewe. Seli za hipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, zinazotoa homoni ya GnRH ndizo huiamuru tezi ya pituitari iliyo chini yake imwage LH, homoni inayoiambia ovari iachie yai. Ajabu ni kwamba seli hizo hazina kipokezi kikuu cha estrojeni (homoni ya ovari), kile kiitwacho alfa, yaani mlango wa kuisikia. Bosi hasikii, ila ana mkalimani: seli zinazotoa kisipeptini, kemikali ya kuziamsha seli za GnRH. Zilizo upande wa mbele wa hipothalamasi hupokea habari mbili, estrojeni kutoka kwenye ovari na wakati kutoka kwenye saa ya ubongo. Zikikutana, wimbi la LH linapanda. Dume ana seli chache mno eneo hilo, ndiyo maana hata ukimpa estrojeni, wimbi haliji.

Lakini kuna kundi jingine la kisipeptini, nyuma kidogo, ambalo estrojeni ileile hulinyamazisha. Hilo hushughulikia mapigo madogo ya kawaida ya LH, si lile wimbi kubwa. Homoni moja, amri mbili zinazopingana, kutegemea imefika wapi! Nikisikia mtu anasema homoni fulani “inaongeza” au “inapunguza”, basi tu, siku hizi nauliza: wapi, na saa ngapi?

Na mwanga je? Panya jike akiachwa kwenye taa isiyozimwa wiki kadhaa, mzunguko hukatika. Estrojeni anayo, vifuko vya mayai vimejaa, anabaki kwenye joto siku nenda siku rudi, na yai halitoki.