Vile nilichagua ndege za jeshi dogo kwenye TFC yangu

Watu wananiulizaka mpaka leo nilitoa wapi hiyo mada, mtu wa Katuba pale Lubumbashi, mwanafunzi wa logistiki, anaandika TFC (ile kazi ya kumaliza masomo) juu ya ndege za jeshi za kubeba mizigo na za kulinda bahari, wakati Kongo nzima bahari yake ni kipande cha kilomita karibu 40 tu kule Muanda. Bon, wenzangu karibu wote walikuwa wanaandika juu ya malori ya mpaka wa Kasumbalesa, na mimi ndege nazipenda tangu nikiwa mdogo, tulikuwa tunaenda kusimama upande wa uwanja wa ndege wa Luano kuzitazama zikishuka. Direkta, profesa anayesimamia TFC yangu, akakubali mada lakini akaniwekea sharti: «Mutoto wangu, usiniletee katalogi. Leta jeshi moja dogo, lenye makuta ya kuhesabu, unionyeshe namna linachagua.»

Nikashika New Zealand. Nchi ya watu kama milioni 5, haina ndege za kivita tangu ilipoamua 2001 kuachana na zile Skyhawk, lakini eneo inalopaswa kutafuta na kuokoa watu linaanzia karibu na ikweta linafika Ncha ya Kusini, kilomita mraba kama milioni 30, sasa chukua Kongo yetu yote uizidishe mara 12 na bado haujafika. Halafu serikali yao inaandika. Bei, idadi, sababu, yote unaipata, na mtu anayetafuta vitu usiku kwa mega za intaneti za kununua kidogo kidogo, umeme unaenda unarudi, anapenda sana nchi inayoandika.

Ndege zao zilikuwa zimezeeka kabisa. Hercules C-130H tano za mizigo, za kwanza zilifika 1965. Orion P-3 sita za bahari, tangu 1966. Na Boeing 757 mbili za kubeba watu, walizichukua 2003 zikiwa zimeshatumika na wengine. Hizo 757 ndizo zimewaaibisha zaidi: 2016 waziri mkuu John Key anaenda India, ndege ikafia Townsville kule Australia, na Juni 2024 Christopher Luxon anaenda Japani, ikafia Port Moresby, mwenyewe akapanda ndege ya abiria kama mtu yeyote.

Sasa vile nilifanya. Sisi wapenda ndege tukikaa pamoja tunaanza na majina ya ndege za mizigo, A400M inabeba tani 37, C-17 ni mnyama, KC-390 iko na mbio, na hapo ubishi hauishi. Mimi majina yote niliyaweka pembeni, nikachukua karatasi nikaandika siku mbaya za hilo jeshi, yaani ile siku simu inalia na hakuna mwingine wa kwenda.

Ya kwanza niliyoandika ni Tonga. Januari 15, 2022, volkano ya Hunga Tonga ikalipuka, mawasiliano yakakatika, nje hakuna anayejua visiwa viko namna gani. Tarehe 17 ikatangulia Orion, haikubeba kitu, ilienda kutazama na kupiga picha tu. Hercules ikasubiri, sababu uwanja wa ndege wa Fua'amotu ulikuwa umefunikwa na majivu, watu wakayaondoa kwa chepeo na toroli, na tarehe 20 ndiyo ikashuka na maji ya kunywa. Mtu wa Goma akisoma hapo hahitaji maelezo: Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilizika upande wa kaskazini wa piste yao, njia ya ndege kurukia, na kwa miaka mingi ndege zikawa zinajipanga na kipande kilichobaki.

Kwa hiyo safu ya kwanza ya jedwali langu haikuwa tani wala mbio, niliandika «inashuka wapi, na nani ataipakua pale». 757 ikatoka hapo hapo. Inataka ngazi, inataka mashine ya kuinua mizigo, inataka piste ndefu na safi, na gari haliingii. Hercules inafungua mkia, mkikosa mashine mnashusha kwa mikono na maisha yanaendelea. (Baba mdogo wangu aliishi Kolwezi, aliposikia naandika juu ya C-130 akanisimulia Mei 19, 1978, waparashuti wa Ufaransa wakianguka kutoka kwenye C-130 za Zaïre na Transall za kwao. Niliiweka kwenye utangulizi. Direkta aliikata, akasema hiyo ni historia, hii ni logistiki. Mimi naona alikosea, lakini direkta ni direkta.)

Sehemu iliyonifurahisha kuliko zote ni kupima tumbo la ndege. C295, ndege ndogo ya mizigo, nilitaka sana kuipenda. Ireland, jeshi lingine dogo, iliagiza mbili za bahari 2019, zikafika 2023 kushika nafasi ya CN-235 zao zilizokuwa zinafanya kazi tangu 1994, halafu wakaongeza ya tatu ya kubeba mizigo. Mafuta inakunywa kidogo, inabeba tani kama 9, kwenye karatasi ni mtoto mzuri. Kimo cha tumbo lake lakini ni mita 1.90. Nikachukua mita ya fundi nikaenda kwa jirani mwenye Land Cruiser, ile ndefu yenye milango ya nyuma, ambayo wanaigeuzaka ambulansi. «Yaya, naomba nipime gari yako.» Akacheka: «Unataka kuiuzisha?» Akashika mwanzo wa mita chini kwenye vumbi, mimi juu ya kiti, tukasoma mita 2 na sentimita 10 na kidogo, na hapo keria haiko. Haiingii. Tani inaziweza, mlango ndio unakataa, na katalogi wanakuandikia tani kwa herufi kubwa, kimo unakitafuta mwenyewe chini kabisa. C-27J iko na mita 2.60, inapita, lakini inabeba tani 11 hivi. C-130 ni mita 2.74, na ile ya kisasa na ndefu, C-130J-30, inafika tani karibu 20.

Ireland wako sawa kwao, safari zao ni fupi. New Zealand wako na Antaktika, kutoka Christchurch ni zaidi ya kilomita 3,800 juu ya maji matupu na barafu. Oktoba 2013 moja ya zile 757 ilienda kule na watu zaidi ya 100, hewa ikafunga wakati imeshapita mahali pa kugeukia, mafuta ya kurudi hayapo, wakashuka ndani ya ukungu sababu hakukuwa na namna nyingine. Walipona wote. Hiyo nayo nikaiandika kwenye siku mbaya.

Kwa bahari hesabu inageuka. Ndege ya kulinda bahari usiinunue kwa mbio peke yake, wala kwa urefu wa safari peke yake, inunue kwa masaa inayotumia kufika na masaa inayobaki kule. Mfano wangu kwenye TFC ulikuwa hivi: mashua inazama kilomita 1,500 kutoka pwani. Ndege ya mapanga (propela) inayokwenda 450 kwa saa inatumia masaa 3 na dakika 20 kwenda, na vilevile kurudi, kama iko na mafuta ya masaa 10 inabakiwa na masaa 3 na dakika 20 ya kuzunguka na kutafuta. Ya jeti inayokwenda 800 inafika chini ya masaa 2, na mtu anayeelea kwenye maji baridi anangoja hayo masaa yote. Hapo ndipo P-8, jeti ya Boeing ya kulinda bahari, iliponishinda, ingawa nilianza nikiwa siitaki juu ya bei. Mwili wake ni wa Boeing 737-800, ndani wameweka radar, kamera, na maboya ya kuangusha baharini yanayosikiliza nyambizi chini. Jeshi dogo linalonunua kitu ambacho Marekani na Australia pia wanacho halibaki peke yake siku pyesi (kipuri) inakosekana.

New Zealand waliagiza P-8 nne 2018, bilioni 2.346 za dola zao, zikafika kati ya Desemba 2022 na Julai 2023. Watu wanachukua hiyo pesa wanagawa kwa 4 halafu wanapiga kelele kwamba ndege moja ni karibu milioni 590. Ndani ya ile pesa kuna mafunzo, vifaa vya kujifunzia, na majengo, juu skwadroni ya Orion ilikuwa Whenuapai pale Auckland ikabidi ihamie Ohakea. Hercules mpya tano vilevile, bilioni 1.521, ikiwemo mashine ya kufundishia marubani chini. Kwa mtu wa logistiki hiyo ndiyo bei ya kweli, ndege peke yake ni nusu ya habari.

Kitu ambacho nilikipigania zaidi ni idadi. Nne ina maana gani? Moja iko wazi kwa mafundi, matengenezo makubwa. Moja iko kwa mafunzo au huduma ndogo. Zinabaki mbili, moja ikifa asubuhi, una moja. Sasa ukiwa na mbili tangu mwanzo, kuna asubuhi utaamka na sifuri, muulize Luxon. Wakubwa wanapenda kununua mbili mbili za aina tofauti ili kila kazi iwe na ndege yake, na hiyo ndiyo inaua jeshi dogo, ni kama mwenye taksi tatu za marka tatu, kila moja na fundi wake na pyesi zake, jioni haelewi faida imeenda wapi. Zamani New Zealand walikuwa na bahati moja ambayo nimeona watu hawaitaji sana: Orion na Hercules C-130H zote zilitumia injini za ukoo mmoja, Allison T56. Mpya haziko hivyo, P-8 iko na CFM56, C-130J iko na Rolls-Royce AE 2100. Nikaiweka kwenye safu ya hasara, asista, msaidizi wa direkta, akaweka alama ya kuuliza pembeni, nikaiacha.

Na muda nao. C-17 waliitamani, lakini Boeing ilifunga kiwanda cha Long Beach 2015, basi. Dukani unakuta kilichopo siku uliyofika na makuta.

Siku ya kudefanda, yaani kuitetea TFC mbele ya walimu, mmoja wa juri, mzee fulani mkali, akauliza hiyo patroli ya bahari inatuhusu nini sisi watu wa Katanga. Nilikuwa nalingoja. Nikamwambia 1916 Wabeleji walileta ndege za majini, Short 827, zikawa zinaruka kutoka ziwa dogo la Tongwe karibu na Kalemie ya leo kwenda kupiga meli ya Wajerumani Kigoma, yaani sisi patroli ya maji tuliiona kabla ya nchi nyingi. Tanganyika iko na urefu wa kilomita 670 na zaidi, boti zinazama usiku na anayewatafuta watu ni wavuvi wenyewe. Ndege ya mapanga mawili yenye radar na kamera ingetosha, P-8 huku ingekuwa wazimu. Akaandika kitu, hakurudia.

Mapendekezo yangu basi: C-130J-30 tano, hapo nilifika mahali pamoja na wao kwa njia yangu, waliziagiza 2020, zikafika 2024, na za zamani zikaagwa Januari 2025. P-8 nne kwa mbali, na ndege ndogo kama King Air kwa karibu na pwani, juu kutuma P-8 kuhesabu boti za wavuvi ni kuchoma mafuta. 757 zisirithiwe na mbili nyingine, wakodishe. Agosti 2025 wakatangaza A321XLR mbili. Ndege ni nzuri, siikatai, ila mbili ni zile zile mbili.

Asista ndiye tunaendelea kubishana naye tukikutana. Yeye anataka KC-390, tani 26, jeti, na Uholanzi iliiweka juu ya C-130J 2022, Ureno nayo inaitumia. Hoja zake zina nguvu, sidanganyi, kwa jeshi lililoko Ulaya hata mimi ningeichukua. Lakini fundi wa C-130J yuko Australia, masaa 3 ya ndege kutoka Auckland, na wa KC-390 utamwita kutoka Brazili.