Kidimbwi cha kulungu: nilichimba mara mbili

Nilipotaka kuwawekea kulungu maji ya kunywa porini, ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa huu: chimba shimo kubwa, lichimbe bondeni, tena pawe peupe ili uone mbali. Aliyeniambia amewinda miaka mingi kuliko mimi, nikamwamini. Ndiyo sababu nimechimba mara mbili.

Shimo la kwanza lilinila siku tatu za sururu na chepe. Upana wake mita nne, kina kinafika kiunoni. Nikavuta maji kwa trela, tangi la lita 1,000, safari tatu. Jioni ile kidimbwi kilikuwa kinang'aa na mimi nimesimama ukingoni nimejaa furaha. Asubuhi yake maji yameshuka hadi magotini. Asubuhi ya pili limebaki tope, na juu ya tope majani mawili matatu. Lita 3,000 zimenywewa na ardhi, hakuna kulungu hata mmoja aliyeonja.

Sikupima udongo, na kipimo chenyewe ni bure. Chukua konzi ya udongo, uloweshe, uviringishe kati ya viganja hadi uwe mwembamba kama mkia wa panya. Ukikubali kukunjwa bila kukatika, una udongo wa mfinyanzi wa kutosha. Wangu ulimomonyoka mkononi kama ugali uliokosa maji.

Sikukata tamaa, nikatandika nailoni na kujaza upya. Ilidumu wiki moja. Nilikuwa nimeitandika juu ya vijiwe na mizizi iliyokatwa, bila mchanga wala zulia kuukuu chini yake, na kwato zilipokanyaga tu ikatoboka. Nilikuwa nimefunga kamera ya porini mtini, nayo ikaniambia jambo la pili: wote waliokuja walikuja usiku wa manane. Kulungu hapendi kusimama uwanda mtupu mchana kweupe, kichwa kimeinama majini. Shimo kubwa la bondeni lilikuwa la kumfurahisha mwindaji, si mnyama.

Basi nikaacha kuchimba, nikaanza kutembea. Majuma mawili ya ukame nilifuata nyayo na kinyesi tu, nikajua wanalala wapi mchana na wanakwenda kula wapi jioni. Katikati kuna njia yao inayokata mteremko chini ya miti mikubwa, na mahali pamoja ardhi imelala kidogo. Hapo ndipo. Kivuli kinapunguza maji yanayopotea kwa jua na kinachelewesha mwani. Nakwambia kwa uhakika, kulungu humtengenezei njia mpya. Umwekee maji pale anapopita tayari.

Safari hii sikutegemea udongo kabisa. Nilizika birika la plastiki gumu la kunyweshea mifugo, la lita 400, mdomo wake ukiwa sawa na ardhi. Pembeni nikashindilia udongo kwa miguu kama wafinyanzi, huku najaza maji ndani, maji na udongo vikipanda pamoja. Ukishindilia likiwa tupu, kuta zinakunjika kwa ndani. Na ukishalizika, usilimwage lote wakati ardhi imeshiba mvua. Mimi nililimwaga nilisafishe, nikarudi kesho yake nikakuta limeibuka, limekaa upande kama mtumbwi. Kazi ya siku nzima kulirudisha.

Birika lina faida nyingine ambayo sijamsikia mtu akiitaja. Visubi, wadudu wadogo wanaouma na kuambukiza kulungu ugonjwa wa kuvuja damu huzaliana kwenye tope bichi la ukingoni. Ukuta uliosimama wima unaacha tope kidogo sana. Ila weka gogo lenye magome, ncha moja chini na nyingine nje, vinginevyo panya na ndege wataingia na kushindwa kutoka, na maji yataoza ndani ya siku chache.

Sasa niseme ninachojivunia kuliko vyote. Sikutaka kubeba maji tena, kwa hiyo nilichukua mabati mawili kuukuu, nikayalaza nyuma ya kichaka yakiinama kuelekea birikani, nikayapaka tope yasimetemete. Hesabu yake nyepesi: mita moja ya mraba ikipata mvua ya milimita 1, inatoa lita 1. Mabati yangu yana kama mita tatu za mraba, kwa hiyo mvua moja ya milimita 20 inaniletea lita 60 nikiwa nimelala. Ukame ukizidi ndipo napeleka madumu. Gharama yote haikufika hata nusu ya niliyoteketeza kule bondeni, na sehemu kubwa ilikuwa birika.

Yule mshauri wangu alisema nimwage na chumvi. Nilikataa. Sehemu nyingine chumvi inahesabiwa kuwa chambo na ni kosa, na kabla ya kuchimba chochote nilikuwa nimekwenda kuuliza sheria inaruhusu nini.

Ulingo niliupandisha upande wa chini wa mteremko, hatua thelathini hivi. Jioni hewa ikipoa huteremka kama maji, kwa hiyo harufu yangu inakwenda bondeni, mbali na wao. Upepo ukigeuka sipandi, hata nikiwa nimeamka na hamu kiasi gani. Na napita njia ya kuzunguka, nisikanyage ile yao.

Siku ya tisa majike mawili yalikunywa. Dume lilikuja mwezi wa pili wa ukame, saa kumi na moja na nusu jioni, jua bado liko juu ya miti. Likasimama, likageuza masikio, likanywa muda mrefu. Kule bondeni kamera haikuwahi kunionyesha dume kabla ya saa sita usiku.