Kukodisha shamba vipande vipande Bagamoyo: anza na maji

Wenye ekari moja mnaotaka kuikata vipande vya bustani na kukodisha, msianze na kamba na vigingi. Anzeni na kisima. Ukanda huu wa pwani visima vingi vina chumvi, na maharage hayaivumilii kabisa. Majani huungua kingoni kisha mmea unadumaa. Pimeni maji mwishoni mwa kiangazi, kabla ya vuli, maana masika hudanganya: mvua hupunguza chumvi.

Kipande cha mita 10 kwa 10 kikiwa na mchicha na bamia hunywa kama lita 500 kwa siku wakati wa jua kali. Ekari ni mita za mraba 4,047, na ukiacha njia za toroli, eneo la tangi na la mboji, unapata vipande 25 bila kubanana. Hiyo ni lita 12,500 kwa siku. Simtanki moja ya lita 5,000 italazimika kujazwa mara mbili na nusu, kwa hiyo pangeni zamu za kumwagilia asubuhi na jioni. Ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia bombani.

Mkataba uwe wa maandishi, wa msimu mmoja mmoja, wenye mashahidi. Kataza minazi, miembe na mazao yote ya kudumu. Mti ukishakua, mpangaji hudai fidia, na mpaka unakuwa kesi.

Uzio wa michongoma upandwe masika. Mbuzi hawasubiri.