Karatasi ya mhusika kwa Kiswahili: mstari wa pili umenila wiki tatu

Mradi wenyewe ni huu: natafsiri karatasi ya mhusika ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mtu huigiza mhusika wa kubuni, ili kundi letu la watu watano, linalokutana Jumamosi jioni hapa Dar, licheze kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Sifa sita, ambazo kila mhusika hupewa namba zake, zilinichukua jioni moja: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara, Mvuto. Mstari wa jina haukuwa na shida. Mstari unaofuata, wa kueleza kama mhusika ni elfi, orki au kiumbe gani mwingine wa hadithi, ndio ulionikwamisha.

Wiki ya kwanza niliandika "Kabila". Tulipokaa mezani utani ukaanza papo hapo: nani Mchaga wa mle ndani, nani Mhaya. Utani tumeukulia, na raha yake ni kwamba unajibika. Ukinirushia, nami nakurushia. Kisha nikasoma kwa sauti namba za chotara wa orki kutoka toleo la mwaka 2000, maana hicho ndicho kitabu tulichoanzia: "Nguvu, ongeza mbili. Akili, toa mbili. Mvuto, toa mbili." Meza ikanyamaza. Kwa Kiingereza tulikuwa tumeipita namba hiyo mara nyingi bila kusita. Chini ya neno "Kabila" ilisomeka kama hukumu, tena hukumu isiyojibika.

Likaja la pili, zito zaidi. Wale wafupi wenye ndevu wanaochimba milima, hadithi zetu zilizotafsiriwa huwaita mbilikimo. Ndivyo nami nilivyoandika. Lakini mbilikimo ni jina ambalo watu wamebandikwa kweli, Wabambuti wa msitu wa Ituri na Watwa wa maeneo ya Maziwa Makuu, na wengi wao hawalipendi. Kanuni za mwaka 1978 zilimpa mhusika wa aina hiyo Ustahimilivu +1 na Mvuto −1. Sikuweza kuacha karatasi yangu iseme kwamba mbilikimo huzaliwa na upungufu wa mvuto. Nimelifuta neno. Sasa wanaitwa Wamajabali, na mstari unasomeka "Asili".

Kuna atakayesema namba zenyewe ni ndogo. Ni kweli: +2 kwenye sifa huongeza 1 tu kwenye dadu ya pande 20 inayoamua kama jambo limefaulu, yaani asilimia 5. Ila tazama inavyofanya kazi. Kwa kanuni za 2014, ukipanga sifa kwa namba zilizowekwa tayari, ya juu kabisa ni 15. Elfi wa juu, aina mojawapo ya elfi, akiiweka kwenye Akili, sifa anayoitegemea mchawi msomi, anaongezewa 1 kwa asili yake na kupata 16, na nyongeza yake kwenye dadu inakuwa +3. Chotara wa orki anabaki na 15, nyongeza +2. Kila uchawi anaorusha, miezi kwa miezi, yuko nyuma hatua moja. Ndiyo maana katika michezo yetu yote ya nyuma maorki walikuwa watatu, na wote watatu walibeba shoka. Hakuna aliyekatazwa kuwa msomi; hesabu ilimshauri asijaribu.

Wenye mchezo nao wamesogea. Orki aliyetolewa kitabuni mwaka 2016 akiwa na Akili −2 aliondolewa pungufu hiyo mwaka 2020, na kitabu cha 2024 kimehamishia nyongeza zote za sifa kwenye historia ya mhusika: +2 na +1, au +1 mara tatu. Nimeifuata njia hiyo na kuiita "Malezi". Asili imebaki na mambo ya mwili tu, kama kuona gizani au kuhimili sumu.

Wiki ya tatu nikaandika malezi ya kwetu: mvuvi, mfugaji, seremala, mchuuzi, mwanachuo wa madrasa. Kila moja inafungua sifa tatu za kuongezwa. Mfugaji nilimpa Nguvu, Ustahimilivu na Busara, nikaona nimemaliza. Mwenzetu mmoja, ambaye babu yake amefuga maisha yake yote, akauliza kwa upole: "Mtu anayemjua kila ng'ombe kwa rangi yake, na mama yake, na bibi yake, kaka, Akili umemnyima kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeitoa dhana kwenye damu nikaipandikiza kwenye kazi, bila hata kushtuka.

Kwa sasa najaribu hivi: malezi yanafungua sifa mbili, ya tatu mchezaji anaichagua mwenyewe na kuandika sentensi moja ya kuitetea. Nafasi ya sentensi hiyo nimeiacha chini ya mstari wa Malezi, sentimita mbili. Jumamosi iliyopita mwenzetu yule yule alimtengeneza mfugaji wa Kiorki, akaweka Akili, na akaandika: "Alihesabu mifugo ya baba yake kwa nyota." Sentimita mbili hazikumtosha. Kesho naipanua nafasi hiyo, kisha naanza orodha ya uchawi.