Pama ya felti inayobana kipaji na kupwaya pembeni: jinsi nilivyoitatua

Pama yangu ya felti (kitambaa cha manyoya au sufu iliyoshindiliwa), saizi 58, yaani sentimita 58 kuzunguka kichwa, ilibana kwenye kipaji cha uso na kisogo, huku juu ya masikio kidole kikipita. Kupanda saizi hakusaidii: kofia inapwaya yote na upepo unaichukua. Shida ni umbo, kichwa kirefu ndani ya kofia ya mviringo.

Nilipima upya kwanza. Utepe wa fundi cherehani hupita katikati ya kipaji, sentimita 1 hivi juu ya masikio, kisha kwenye kinundu cha kisogo, bila kukaza. Pima mara tatu, shika kipimo kikubwa. Ukipata 58.5, chukua 59. Kupunguza ni rahisi kuliko kupanua.

Halafu mvuke. Geuzia nje ukanda wa ngozi wa ndani, pitisha felti ya mbele na ya nyuma juu ya birika linalochemka kwa sekunde chache mpaka ilainike. Rudisha ukanda, ngoja joto lipungue, vaa, bonyeza pembeni kwa viganja na uiache ipoe kichwani. Ngozi isiguswe na mvuke kabisa. Ikipata joto husinyaa, na kofia hubana kuliko mwanzo.

Uwazi uliobaki niliuziba kwa vipande vyembamba vya sponji nyuma ya ukanda, urefu sawa kila upande.

Felti ya manyoya ya sungura au biva (mnyama wa majini, "beaver" kwa Kiingereza) hutii vizuri. Ya sufu ya kondoo ni kaidi, na ikilowa inaweza kusinyaa. Hiyo afadhali uinunue ikiwa inakaa vizuri tangu dukani.