Pima Tatu za Barafu

Usiku ule gereji ya baba ilijaa watu kuliko siku yoyote ninayoikumbuka, na hakuna hata mmoja aliyekuja na gari. Ilikuwa Jumamosi ya Pasaka, Aprili 1987, Majengo, Mombasa. Ramadhani ilikuwa imebakisha siku kumi hivi, masika yameshaanza, na Safari Rali ilikuwa inaendelea huko bara. Mwaka huo alikuja kushinda Hannu Mikkola kwa Audi 200, ila Jumamosi ile hakuna aliyejua. Redio ilitundikwa kwenye msumari, na kila ikifika saa ya habari watu wananyamazishana wasikie nani kakwama na nani kapinduka.

Kwa baba, rali ilikuwa na mtu mmoja tu, Joginder Singh. Mwaka 1965, baba akiwa spana boi wa miaka 17, Joginder na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 waliyoinunua ikiwa imeshatumika. "Imeshatumika," baba alikuwa akilirudia neno hilo kama mtu anayesoma aya. Joginder alikuwa fundi kabla hajawa dereva, na baba hakuhitaji maelezo mengine ya ushindi ule.

Deki haikuwa yetu. Baharia mmoja wa meli za Ghuba alikuwa ameleta Peugeot yake, gia zimegoma, mfukoni hana kitu, akaacha deki na kanda tatu ziwe rehani mpaka arudi safari. Mbili zilikuwa filamu za Kihindi, nazo mtaa mzima ulishaziona. Ya tatu ilibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: The Great Race. Baba alipoambiwa maana yake ni mashindano makubwa ya magari, akasema hiyo ndiyo. Nadhani alitegemea kuona matope na Volvo.

Televisheni yetu ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, iliwekwa juu ya meza ya spana. Watu wakakaa juu ya matairi, juu ya madebe, wengine ndani ya gari lisilo na injini lililokuwa limeegeshwa pale tangu mwaka uliotangulia. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa amekuja kutoka Kwale kututembelea, akapewa kiti pekee chenye mgongo. Mimi nilikuwa na miaka 11, darasa la tano, na Kiingereza changu kilikuwa cha kutosha kuniweka mbele kama mkalimani.

Kwa asiyeijua filamu hiyo, ni vichekesho vya kuangushana, kulipuana na kurushiana vitu, urefu wake dakika 160, na Blake Edwards aliyeiongoza aliitoa kama heshima kwa Laurel na Hardy. Magari yanashindana kutoka New York hadi Paris mwanzoni mwa karne ya 20, yakielekea magharibi: yanaikata Marekani nzima, yanavuka mlango wa bahari wa Bering juu ya barafu, yanapita Urusi na kuingia Ulaya. Shujaa ni Leslie, anayechezwa na Tony Curtis. Nguo zake nyeupe, gari lake jeupe, hata meno yake yanametameta. Adui yake ni Profesa Fate, yaani Jack Lemmon, mweusi kuanzia kofia hadi buti, na gari lake jeusi lina magurudumu sita na mzinga kwa mbele. Kwenye televisheni yetu filamu ile haikupungukiwa na kitu. Mzuri mweupe, mbaya mweusi, sisi tuone nini zaidi?

Fate ana msaidizi, Max, anayechezwa na Peter Falk. Ndani ya dakika ishirini tu baba alikuwa ameshachagua upande. Max ndiye fundi. Max ndiye anayeingia chini ya gari, ndiye anayeambiwa "Bonyeza, Max!", na akibonyeza, lolote litakalolipuka linamlipukia yeye kwanza. Baba akasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Mwaona? Amri ya mwenye gari, moto wa fundi." Tangu hapo Fate akifungua mdomo tu, gereji nzima inamtangulia: "Bonyeza, Max!"

Pale Max anapokuwa amezihujumu gari za washindani, na kumbe ametega hata gari lao wenyewe, injini ikadondoka chini puu! Spana boi wetu alianguka kutoka kwenye tairi alilokalia. Bibi naye alikuwa ameshajifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Bibi hakuwahi kusubiri tafsiri yangu. Nilikuwa bado natafuta neno, yeye ameshacheka na kumaliza. Hilo nililiona usiku uleule, na mpaka leo naliheshimu sana katika vichekesho vya namna hii: vilimfikia mama wa Kwale asiyejua neno la Kiingereza sawasawa na vilivyomfikia mtu wa California.

Baba yeye alikuwa akiangalia kwa jicho la kazi. Gari la Fate lilipojiinua juu kwa vyuma vilivyopishana kama mkasi, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, akanituma nirudishe kanda nyuma aone vile vyuma vinakunjuka vipi. Maggie, yule mwandishi wa habari anayechezwa na Natalie Wood, alipoingia mashindanoni na gari la mvuke, baba akasimama kuwaeleza wote jinsi mvuke unavyosukuma pistoni, na kwa nini gari lile lisingefika mbali jangwani bila maji. Halikufika. Watu wakampigia makofi baba kana kwamba ndiye aliyelizima.

Tukafika kwenye theluji. Wote wanne, Leslie, Maggie, Fate na Max, wamejibanza ndani ya gari moja, dhoruba nje, meno yanagongana. Nakumbuka mvua ilikuwa inapiga mabati yetu kwa nguvu hivi kwamba dhoruba ile ilionekana kama imeanzia kwetu. Ghafla picha ikajikunja, ikawa mistari, kisha kioo chote kikajaa chenga. Ndani ya deki kukasikika sauti ya kitu kinachotafunwa.

Hapo ndipo usiku ulipokuwa wa baba hasa. Hakuinua sauti. Alichomoa waya ukutani, akaomba taa ya chemli na bisibisi ya nyota, akafungua mfuniko wa deki juu ya magoti yake. Nilishika taa. Ndani mkanda ulikuwa umetapika, umejiviringisha kwenye vyuma vidogovidogo kama utumbo wa kuku. Alikuwa akiutoa kwa ncha za vidole viwili, vidole ambavyo kucha zake hazikuwahi kutakata oili, na kila akivuta kidogo anasimama, anapuliza, anavuta tena. Akanionyesha chanzo: kigurudumu cha kuzungusha gurudumu la kupokea mkanda kilikuwa kimelegea, mpira wake umekuwa laini kama mlenda. Mkanda ulikuwa unakuja, wa kuupokea hayupo.

Akatuma tyubu kuukuu ya baisikeli. Akakata pete moja nyembamba kwa wembe, akaivuta, akaipima kwa macho, akakata nyingine nyembamba zaidi. Ile ya tatu ndiyo iliyokaa. Mkanda uliosagika haukufaa tena, ulikuwa na mikunjo kama karatasi iliyofinyangwa. Akaukata huku na huku, akaunga ncha mbili zilizobaki kwa selotepu kwa upande wa nyuma, akakata ziada pembeni pasibaki hata uzi. Kilichotoka alikipima kwa mikono iliyonyooshwa: pima tatu. Hakuna mtu aliyekwenda nyumbani. Nasikia hata redio ilitoa habari za rali wakati ule, na hakuna aliyezisikia.

Deki ikawashwa. Chenga, mstari mmoja, kisha picha: kijiji cha Urusi, watu wamejipanga wanatazama kimya.

"Wamevukaje bahari?" bibi akauliza.

Mimi ndiye mkalimani, macho yote kwangu. Nikamgeukia baba. Baba alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Wamepanda feri."

Bibi akaridhika. Likoni alivuka kila alipokuja kututembelea, na gari kupanda feri halikuwa jambo la kushangaza kwake.

Tuliyoyaona baada ya hapo yalitutoa machozi. Kwenye ule ufalme wa kubuni wa Carpania, Jack Lemmon anacheza pia mwana wa mfalme aliyefanana na Fate kama pacha, kisha watu wanaangukia kwenye jiko la ikulu na kuanza kurushiana pai. Inasimuliwa kwamba zilitumika pai zipatazo 4,000, na kwamba kulipiga picha tukio hilo kulichukua siku tano. Leslie anatembea katikati ya vita hivyo na nguo zake nyeupe, pai zinampita kulia, zinampita kushoto, hata tone halimgusi. Gereji yote ilikuwa inaomba apigwe. Alipopigwa mwishoni, na aliyempiga ni Maggie, kelele iliyotoka pale nadhani ilisikika Mwembe Tayari.

Paris baba hakuifurahia. Leslie anasimamisha gari hatua chache kabla ya mstari ili kumthibitishia Maggie kwamba anampenda, Fate anapita na kushinda, kisha Fate anakasirika kwa kuachiwa ushindi. Baba akasema gari halisimamishwi mbele ya mstari kwa sababu yoyote ile. Wanawake waliokuwa nyuma wakambishia vikali, na ubishi huo ulidumu mpaka wiki ya kwanza ya Ramadhani.

Vile vipande vya mkanda bibi alivikusanya, akavifunga kwenye kanga. Alikwenda navyo Kwale, na mpunga wake ulipozaa akavifunga kwenye fito shambani. Nilikwenda likizo ya Agosti nikavikuta, vinametameta kwa jua na kuvuma kwa upepo, ndege hawasogei.

Filamu kamili niliiona baada ya miaka mingi, nikiwa Nairobi, kwenye kompyuta yangu. Nilishtuka kwanza kwa rangi: zile pai ni nyekundu, njano, buluu, kijani, na mimi miaka yote nilikuwa nazo kichwani za kijivu. Kisha ikaja barafu. Pande kubwa limekatika, magari yote mawili yako juu yake, yanaelea kuelekea Urusi. Mkanda wa namna ile hupita sentimita 2.3 hivi kwa sekunde, kwa hiyo pima tatu za baba ni karibu dakika nne. Niliziangalia dakika hizo peke yangu, na nikamkumbuka bibi, ambaye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki bila kuziona.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kuhusu mashindano ya kweli yaliyoizaa filamu ile. Yalikuwepo. Yaliondoka Times Square, New York, tarehe 12 Februari 1908, magari sita: matatu ya Ufaransa, moja la Ujerumani, moja la Italia, na Thomas Flyer la Marekani. Nilipomwendea baba likizo iliyofuata, nilimsomea yote barazani, naye ameegemea ukuta, amefumba macho.

Nilipofika kwa George Schuster alifumbua. Schuster alikuwa fundi wa kiwanda cha Thomas kule Buffalo. Aliondoka New York kama fundi wa safari, na njiani madereva wengine walipojitoa, usukani ukamwangukia. Ndiye Mmarekani pekee aliyekwenda na gari lile tangu mwanzo hadi mwisho.

"Max," baba akasema.

Nikaendelea. Mpango wa kwanza ulikuwa kupita Alaska na kuvuka Bering juu ya barafu. Schuster alifika Valdez, Alaska, akaikagua theluji, akaona haipitiki. Wakarudi Seattle, gari likapakiwa melini hadi Japani, na kutoka huko likavushwa hadi Vladivostok.

Baba akakaa sawa. "Melini?"

"Melini."

"Gari juu ya meli."

"Ndiyo, baba."

"Sasa hiyo si feri?" Akamwita mama aliyekuwa jikoni aje asikie, nikalazimika kurudia tangu Valdez.

Gari la Kijerumani, Protos, liliingia Paris tarehe 26 Julai, siku nne mbele, lakini lilikuwa limebebwa kwa treni sehemu ya Marekani, likaadhibiwa kwa kuongezewa siku. Thomas Flyer liliingia tarehe 30 Julai, baada ya siku 169, na ushindi ukawa wake. Ila kwanza polisi wa Paris walilisimamisha kwa sababu taa yake ya mbele ilikuwa haifanyi kazi, na sheria ilitaka taa. Akatokea mtu na baisikeli yenye taa. Taa ikakataa kufunguka, basi wakaipandisha baisikeli nzima juu ya gari na kwenda nayo mpaka mwisho.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mama akampa maji. Alipotulia akaniomba nimsomee tena hapo pa baisikeli, taratibu, na nilipomaliza akabaki anatazama barabarani.

"Mama yangu," akasema, "hii ya baisikeli asingengoja uitafsiri."