Palipofutwa kwa Raba

Ijumaa, baada ya Magharibi.

Jumatano usiku nilikuwa barazani na madaftari arubaini na matatu ya Gredi ya Tano, nikisahihisha kwa tochi ya simu maana stima ilikuwa imepotea tangu saa kumi na mbili. Somo lilikuwa vipimo. Hesabu ya juu ya ukurasa sikuitazama sana, kwa kuwa ulikuwa mfano nilioufanya mwenyewe ubaoni asubuhi. Nikifungua daftari natia tiki pale, nateremka kwenye zoezi. Kwenye daftari la kumi na moja kalamu ikanisimama mkononi.

Kilomita 3 na mita 50 ni mita ngapi? Mimi, mwalimu wao, niliandika 3,500.

Ni 3,050. Nilirudi kwenye yale niliyokwisha kuyapitia: 3,500, 3,500, 3,500, na tiki yangu nyekundu juu ya kila moja. Nikaenda mbele mpaka la mwisho. Wote. Na kwenye zoezi la chini wengi walikuwa wameufuata mfano wangu, wakaharibu hesabu ambazo wiki iliyopita walizipata bila shida.

Daftari moja tu lilikuwa na kitu. Ni la mvulana anayekaa nyuma karibu na dirisha, mtoto mkimya. Naye ameandika 3,500, lakini pale karatasi imesuguliwa raba mpaka imetoka nywele. Nikaiinua ile karatasi mbele ya tochi. Chini ya 3,500 mlikuwa na alama ya penseli iliyokandamizwa sawasawa: 3,050.

Jana wakati wa mapumziko nilimwita. Nikamwonyesha pale palipofutwa, nikamuuliza kwa nini.

"Mwalimu, wewe uliandika elfu tatu mia tano."

"Na wewe ulipata ngapi?"

"Elfu tatu na hamsini."

"Ulijua kuwa ndiyo sawa?"

Akatazama viatu vyake muda mrefu. "Nilijua. Halafu nikaona wenzangu wote wananakili, nikasema basi mimi ndiye niliyekosea."

Nimekuwa nayo sentensi hiyo tangu jana. Nimepika nayo, nimeswali nayo. Mtoto wa miaka kumi alikuwa na ukweli kwenye penseli yake, na akautoa kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyemtisha. Sikumgombeza. Nilikuwa nimesimama tu mbele na chaki.

Mimi nimezaliwa Amu, yaani Lamu, nikaolewa huku Malindi. Marehemu baba alikuwa maalim wa chuo cha Qur'ani, na chuoni kwake fimbo ya henzirani haikuwa pambo. Methali aliyotulea nayo ni ile kila mtoto wa pwani anaijua: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Naiheshimu. Kuna siku iliniokoa, nilipokuwa nataka kuvuka na wenzangu kwenda Manda kwa kihori kibovu na nahodha mzee akatuambia kwa neno moja tu, shukeni. Tulishuka. Baharini hakuna mjadala, na sitaki kumlea mtoto anayebishana na anayemvuta atoke barabarani gari linapokuja. Ila methali inasema "asiyesikia". Haikusema asiyefikiri. Na huyo mkuu akiamuru guu livunjwe, je?

Baba huyo huyo, mwenye henzirani, ndiye aliyenisimulia kisa ambacho jana kilinirudia chote. Kimo katika kitabu cha hadithi cha Bukhari, kimepokewa kwa Sayyidna Ali. Mtume (S.A.W.) alituma kikosi, akamweka mtu mmoja katika Ansari, Waislamu wenyeji wa Madina, awe amiri wao, yaani kiongozi, na akawaamuru wamtii. Huko njiani yule amiri akaghadhibika. Akawauliza, si Mtume amewaamuru mnitii? Wakasema naam. Basi kusanyeni kuni. Wakakusanya. Washeni moto. Wakawasha. Ingieni. Hapo baadhi yao wakataka kuingia, na wengine wakawazuia, wakisema: sisi tulimkimbilia Mtume kwa kuuogopa moto. Wakabaki hivyo mpaka moto ukazimika na hasira za amiri zikatulia. Habari ilipomfikia Mtume alisema, lau wangeuingia wasingetoka humo mpaka Siku ya Kiyama. Utiifu ni katika lililo jema.

Tangu utotoni mimi nilikuwa natazama mwisho wa kisa, pale walipokataa. Jana nikakaa kwenye kuni. Walizikusanya! Wanaume wazima waliinama, wakaokota kuni za moto wa kuwachoma wenyewe, wakazipanga, wakawasha. Kuokota kuni si dhambi. Kuwasha moto si dhambi. Amri ya tatu ilipokuja, mikono ilikuwa imekwisha kutii mara mbili, na ndiyo maana wengine walikuwa tayari kuingia.

Chuo cha ualimu tulisoma jaribio la Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, lililoanza 1961. Watu wa kawaida waliitwa kwa tangazo, wakalipwa dola 4, wakaambiwa wanasaidia utafiti wa kumbukumbu. Kila mmoja aliwekwa mbele ya mashine yenye swichi 30. Ya kwanza imeandikwa volti 15, inayofuata 30, hivyo hivyo kwa kumi na tano kumi na tano mpaka 450. Chumba cha pili yuko mtu anayejibu maswali. Akikosea, mpige umeme, na kila kosa upande swichi moja. Umeme haukuwepo, na yule mtu alikuwa anaigiza tu, lakini aliyekuwa mezani hakuambiwa. Akisita, bwana aliyevaa koti la kijivu la maabara humwambia kwa upole, jaribio linahitaji uendelee. Kati ya wanaume 40 wa mwanzo, 26 walifika 450.

Najua wapo wataalamu waliolikosoa, kwamba baadhi ya wale watu huenda walishashuku mchezo. Sawa. Mimi kinachonishika ni hizo kumi na tano kumi na tano. Hakuna aliyeambiwa tangu mwanzo, muue mtu huyu. Aliambiwa aokote ukuni mmoja. Na kuna sehemu nyingine ya utafiti ule ambayo mwalimu wetu aliipita haraka: Milgram alipoweka mezani wasaidizi wengine wawili, watu wake wa siri, wakakataa kuendelea mbele ya yule mshiriki, waliofika mwisho walikuwa 4 tu katika 40. Wale 36 hawakuwa watu wa moyo mwingine. Walimsikia mwenzao akisema, mimi siendelei. Mvulana wangu aliangalia kulia na kushoto akitafuta sauti kama hiyo, akakuta wote wameinamisha vichwa wananakili.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika, kwa sababu nami nilikusanya kuni zangu.

Ilikuwa kabla ya korona, katika shule nyingine niliyofundisha hapa hapa Malindi. Nilikuwa na binti darasani, mrefu kuliko wenzake, aliyeandika jina lake kwa wino kwenye kila kitu chake: rula, mkoba, hata ukosi wa sweta. Siku moja mama yake alikuja kumchukua saa nne asubuhi. Hakuwa na fujo. Aliongea taratibu, akaniambia wameonyeshwa kwamba elimu hii ya dunia haina faida mbele ya Mungu, na yule binti hatarudi. Binti alikuwa anakusanya madaftari yake huku ananitazama. Nilijua kuwa jambo hili si sawa. Nilijua kama vile mvulana alivyojua 3,050.

Nikaenda kwa mkubwa wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mzazi ameshaamua, na mambo ya dini za watu tusiyaingie. Andika amehama."

Nikafungua rejista nikaandika amehama. Pembeni palikuwa na nafasi ya kujaza shule aliyohamia. Niliiacha tupu. Mkubwa akatia saini bila kuniuliza, na mimi sikumuuliza, wala sikwenda kwa chifu, wala ofisi ya watoto iliyo mwendo wa dakika chache. Rula ya yule binti ilibaki chini ya dawati, nikaitumia muhula mzima kupigia mistari.

Halafu ikaja Aprili 2023. Shakahola si mbali kwetu, ni msitu wa Malindi hii hii, upande wa bara. Kila aliyekuwa mjini anakumbuka magari yaliyokuwa yakiingia hospitali, na makontena ya baridi yaliyoletwa kwa sababu chumba cha maiti hakikutosha. Miili iliyofukuliwa ilipita 400, na wengi walikuwa watoto. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walifikishwa mahakamani hapa Malindi mwaka 2024 wakashtakiwa kwa mauaji ya watoto 191. Walikana, na hukumu ni ya mahakama. Walionusurika walieleza jinsi watu walivyoaminishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Lakini kabla ya hapo waliambiwa kwanza waache shule. Waache hospitali. Wauze mali. Wahamie msituni. Kuni baada ya kuni.

Siku zile nilikuwa nasikia kila mahali, sokoni, kwenye matatu, hata chumba cha walimu: wale watu walikuwa wajinga. Ninakataa. Walikuwemo waliosoma na waliokuwa na kazi zao. Na sisi tuliobaki mjini, tuliosoma na tulio na kazi zetu, wangapi tuliona kiti kikibaki wazi tukaandika tulichoambiwa tuandike? Orodha zilipotoka nilizisoma kwa kidole, jina kwa jina. Jina la yule binti sikulikuta. Sisemi alikuwa huko. Ninachokijua mimi ni nafasi tupu kwenye rejista, kwa mwandiko wangu.

Asubuhi nikienda kazini, bodaboda hupita kando ya bustani yenye jina la Mekatilili wa Menza. Mama yule, mnamo 1913, alisimama mbele ya Wagiriama akawaambia wakatae kodi na kazi za serikali ya Mwingereza, wakati wazee wengine walishakubali kuwa vibaraka wake. Hebu fikiria adabu ya wakati ule, mwanamke kusema hadharani kwamba wazee wamekosea. Walimkamata wakampeleka Kisii. Akatoroka, akarudi pwani kwa miguu. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti. Haya yote tunawafundisha watoto, kisha kwenye mtihani tunawauliza ni mwaka gani, na anayenyoosha mkono kuuliza swali lisilo kitabuni tunamwambia akae, tunachelewa.

Jana baada ya mapumziko niliandika tena ile hesabu ubaoni, kama nilivyoiandika Jumatano. Nikawaambia, nilikosea hapa, na nyote mlinakili, na mimi nikawatilia tiki. Darasa likawa kimya kana kwamba nimewaambia nimefiwa. Nikawaambia kuna mmoja wenu aliyeipata akaifuta. Sikumtaja jina. Nikawaambia kuanzia leo, ukiona kwenye ubao wangu kitu kisichokuingia, nyoosha mkono useme, "Mwalimu, hapo sijaelewa," nami sitamkasirikia mtu. Heshima itabaki pale pale.

Leo nimeandika kilomita 4 na mita 5, nikajibu 4,005. Binti wa mstari wa mbele akanyoosha mkono unatetemeka. "Mwalimu, hapo sijaelewa. Mimi nimepata elfu nne na hamsini."

Alikuwa amekosea. Watoto wote wakageuka kunitazama mimi, si yeye, wanangoja waone nitafanya nini. Nikampa chaki. Alisimama kwa vidole vya miguu, akaandika 4,000, chini yake akaandika 5, akaipeleka chini ya makumi, akasita, akaifuta kwa kiganja, akairudisha kwenye mamoja. Akajumlisha. "Zako ndizo sawa, Mwalimu," akasema. Ilichukua robo ya kipindi na somo sikulimaliza. Kule nyuma, karibu na dirisha, yule mvulana alikuwa ameinua kichwa.

Jumatatu nina vipindi viwili tu asubuhi. Nimemwomba mwenzangu anishikie darasa la mchana. Nitakwenda shule ile ya zamani niombe kuonyeshwa rejista ya mwaka ule, kisha niende nayo ofisi ya watoto. Nimeshaandika kwenye karatasi jina la binti, jina la mama yake, na mtaa waliokuwa wakikaa. Rula yake ninayo bado. Wino umefifia lakini jina linasomeka, nitaichukua.